Wapigapicha wa Bennu

Asteroidi iitwayo Bennu ina kila sifa ya kumkatisha tamaa mpigapicha. Ni ndogo, upana wake ukiwa takriban mita 500. Ni nyeusi tititi. Mwanga wa jua ukiipiga, hurudisha kama asilimia 4.4 tu, na nyuma yake kuna anga jeusi vilevile. Haitulii, kwani hujizungusha na kumaliza siku yake kwa saa 4 na dakika 18 hivi. Uvutano wake ni hafifu mno, hata chombo kinachoizunguka huyumbishwa na msukumo wa mwanga wa jua wenyewe. Naye anayeipiga picha yuko mbali nayo kwa mamilioni ya kilomita. Amri anayoituma huchukua dakika nyingi kufika, na jibu huchukua nyingine kama hizo kurudi. Hawezi kusogea hatua moja kushoto aone kama picha itatoka vizuri zaidi.

Hata hivyo, leo ipo ramani ya Bennu nzima ambamo kila pikseli ni sentimita 5 za ardhi yake. Ilipotolewa mwaka 2020, hakukuwa na gimba lingine la angani lililokuwa limechorwa lote kwa undani huo. Unaweza kukaa mbele ya ramani hiyo ukafuata jiwe baada ya jiwe: hili limepasuka katikati, lile limemwegemea mwenzake, jingine limezikwa nusu katika changarawe. Kazi iliyoizaa inastahili kutazamwa bila haraka. Waliopiga picha hizi walizichukulia kuwa vipimo tangu siku ya kwanza, wakazihakiki na kuzirudia mpaka zikaaminika kiasi cha kukabidhiwa chombo kizima. Hapo ndipo ninapouona ufundi wao.

Chombo chenyewe kinaitwa OSIRIS-REx. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikirusha kutoka Cape Canaveral, Florida, tarehe 8 Septemba 2016, kiende Bennu, kichote udongo na mawe yake, kisha kiyalete duniani. Kiongozi wa kisayansi wa safari alikuwa Dante Lauretta wa Chuo Kikuu cha Arizona, na chuo hicho ndicho kilichounda kamera tatu za kutazamia asteroidi. Kila moja ilipewa umbali wake wa kufanyia kazi. MapCam ina vichujio vya rangi, na jukumu lake lilikuwa kuchora tofauti za rangi kwenye ardhi ya Bennu na kutafuta kama ina vijimwezi. SamCam huona eneo pana kutoka karibu. Iliwekwa ishuhudie sekunde za kuchota sampuli. Ilipewa hata vioo vya akiba mbele ya lenzi, ili vumbi la jaribio la kwanza lisiipofushe katika jaribio la pili.

Ya tatu, PolyCam, ndiyo inayonivuta zaidi. Ni darubini yenye kioo cha sentimita 20, nayo ilitakiwa kufanya kazi mbili ambazo kwa kawaida hupewa vifaa tofauti. Kwanza, iione Bennu ikiwa bado kinukta miongoni mwa nyota. Kisha, miezi michache baadaye, itazame kokoto za asteroidi hiyohiyo kutoka mita mia mbili na kidogo. Darubini iliyolengwa kwenye nyota huona ukungu mtupu ikigeuziwa kitu kilicho karibu. Kwa hiyo wahandisi waliiwekea utaratibu wa kusogeza lenzi ndani yake, ili ijilenge upya kadiri umbali unavyopungua. Tarehe 17 Agosti 2018, kutoka kilomita milioni 2.2, PolyCam iliiona Bennu kwa mara ya kwanza.

Kabla ya hapo kulikuwa na kazi ya miaka ambayo watu wengi hawaisikii: kuzijua kamera zenyewe. Kila kihisi cha mwanga kina kasoro zake. Pikseli moja huitikia zaidi ya jirani yake, nyingine huonyesha mwanga hata gizani, na umeme wa kifaa huacha michirizi yake. Wahandisi walipiga picha za giza tupu, wakapiga na za nuru iliyosambaa sawasawa, wakaandika tabia ya kila pikseli. Chombo kilipopita karibu na Dunia tarehe 22 Septemba 2017 ili kuigeuza njia yake ielekee Bennu, MapCam iligeuzwa kuitazama Dunia na Mwezi. Dunia ilitoka kwa buluu ya bahari na weupe wa mawingu, na picha hiyo ilipendwa na wengi. Kwa watu wa kamera, faida kubwa ilikuwa Mwezi. Mwangaza wa Mwezi umepimwa kwa muda mrefu na unajulikana vizuri, kwa hiyo ulifaa kuwa mizani ya kuhakikisha kwamba namba zinazotolewa na kamera ni za kweli. Ukisoma baadaye kwamba jiwe fulani la Bennu linang'aa kuliko jingine, kauli hiyo imesimama juu ya msingi huo.

Chombo kiliwasili tarehe 3 Desemba 2018, na picha zikaanza kuvunja matarajio. Kabla ya hapo, Bennu ilikuwa imepimwa joto lake kwa darubini. Vipimo vilionyesha kwamba ardhi yake hupata joto na kupoa upesi, kama inavyofanya ardhi ya chembe ndogondogo. Kwa hiyo safari ilipangwa kwa kutegemea viwanja laini vya changarawe, na chombo kiliandaliwa kutua ndani ya duara la upana wa mita 50. Picha zilionyesha miamba. Miamba ya ukubwa wa nyumba, miamba juu ya miamba, tangu ncha moja hadi nyingine, bila uwanja wa mita 50 ulio salama hata mmoja. Vipimo vya joto vilikuwa sahihi, ila tafsiri yake ilikosea: mawe ya Bennu yenyewe yamejaa vitundu ndani, ndiyo maana hayashiki joto kama mawe magumu tuliyoyazoea.

Kuanzia hapo picha zikawa tegemeo la safari yote. Kama ardhi ni ya miamba, basi kila jiwe lenye uwezo wa kukivunja chombo lilipaswa kujulikana mahali lilipo, urefu wake na mteremko wake. Ndipo wakarudi kwenye elimu ya kale kabisa ya mpigapicha, elimu ya kivuli.

Simama pembeni mwa kiwanja cha mpira wakati wa adhuhuri: kinaonekana tambarare, na unachokiona ni rangi tu, majani huku na vumbi kule. Rudi jua likikaribia kuchwa, na kila kifundo cha nyasi, kila shimo la kiatu, kina kivuli chake. Wapangaji wa picha za Bennu waliyahitaji macho yote mawili. Picha zilizopigwa jua likiwa nyuma ya kamera hazina vivuli vingi, lakini husema ukweli kuhusu weusi na weupe wa mawe. Zile za asubuhi na alasiri za Bennu huficha rangi, lakini hufichua maumbo. Kwa hiyo katika mwaka 2019 chombo kilipangiwa vituo na njia mbalimbali kuizunguka asteroidi. Kila sehemu ya ardhi ilipigwa picha zaidi ya mara moja, kwa pembe tofauti za jua na pembe tofauti za kamera.

Kuna hesabu iliyosimama nyuma ya mpango huo. Robert Gaskell wa Taasisi ya Sayansi ya Sayari nchini Marekani alibuni njia ya kuunganisha picha za aina hiyo ili zitoe umbo halisi la ardhi. Kompyuta huchukua kipande kidogo cha ardhi, ikalinganisha jinsi kilivyong'aa katika kila picha, kisha ikauliza: ni mteremko gani, na weusi gani wa jiwe, ungeweza kutoa viwango hivi vyote vya mwanga kwa pamoja? Picha moja haiwezi kujibu. Doa jeusi laweza kuwa jiwe jeusi, au jiwe la kawaida lililogeuka upande wa kivuli. Picha kadhaa zenye jua la pembe tofauti huondoa shaka, maana kivuli huhama ilhali rangi ya jiwe hubaki palepale. Vipande hivyo hushonwa pamoja, maelfu kwa maelfu, mpaka asteroidi nzima ikapata umbo lenye mabonde na vilima vinavyopimika. Njia hii ilikuwa imeshatumika kwa asteroidi za Eros na Itokawa. Bennu iliidai zaidi, kwa sababu safari hii usalama wa chombo ungeitegemea.

Ramani ya sentimita 5 ilitokana na picha 2,155 za PolyCam, zilizopigwa kati ya tarehe 7 Machi na 19 Aprili 2019 kutoka umbali wa kilomita 3.1 hadi 5. Namba hiyo haionyeshi jasho lililomwagika. Chombo kilikuwa kinasogea, Bennu inajizungusha chini yake, na kila picha imepigwa kwa umbali tofauti kidogo na ile iliyotangulia. Ili picha mbili zikutane bila jiwe kukatika kichwa, ilibidi zisahihishwe umbali, pembe na mwangaza, kisha zilazwe juu ya umbo lililopatikana kwa hesabu ya vivuli. Mahali pasipo sahihi hujitaja penyewe, maana jiwe hutokea mara mbili au mstari wa ufa huruka. Mafundi wa ramani hii walizifuata kasoro hizo moja baada ya nyingine. Ukiipitia leo, ni vigumu kubaini picha moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Kuhesabu mawe kulihitaji mikono mingi. Mwaka 2019 timu iliwaomba wananchi wa kawaida wasaidie kutia alama kwenye mawe na mashimo yanayoonekana katika picha. Zaidi ya watu 3,500 walijitolea, na alama walizoweka zilizidi milioni 14. Ninawastahi watu hao. Kazi yao ilikuwa kukaa mbele ya skrini na kupima jiwe baada ya jiwe la mahali ambapo hakuna kati yao atakayefika, wakijua kwamba jiwe moja lililosahaulika laweza kuwa ndilo litakalogongwa na chombo.

Mawe makubwa yalipewa majina ya ndege na viumbe wenye mbawa wa hadithi za kale, kwa kuwa Bennu mwenyewe alikuwa ndege mtukufu wa Wamisri wa zamani. Mwamba mmoja unaitwa Simurgh, kwa jina la ndege wa hadithi za Kiajemi, na ndio uliochaguliwa kuwa mwanzo wa kuhesabia longitudo za asteroidi nzima. Mwamba mkubwa kuliko yote, ulioko kusini, unaitwa Roc. Huyo ni Rukhu, ndege wa kutisha anayemwinua Sindbadi baharia katika Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo wasomaji wa Kiswahili wamekua nazo. Wasafiri wa zama za kati walidai kwamba makao yake yalikuwa upande wa Madagaska. Nafurahi kwamba ndege aliyesimuliwa na mabaharia wa Bahari ya Hindi ana mwamba wake huko juu.

Ufundi wa kutazama hauishii kwenye kamera zilizoundwa kwa ajili ya sayansi. Chombo kilikuwa pia na kamera za kuongozea safari, ambazo hupiga picha nyota na asteroidi kwa pamoja ili waongozaji wa safari wajue chombo kiko wapi. Mwanzoni mwa Januari 2019, mwanaastronomia wa timu hiyo, Carl Hergenrother, alikuwa akipitia picha hizo. Karibu na ukingo wa Bennu aliona mkusanyiko wa nukta, na mwanzoni ulimfanania kundi la nyota. Lakini anga lile alilijua, na hapo hapakuwa na kundi la nyota la namna hiyo. Mwingine angepita. Yeye alisimama hapo, akalinganisha picha na picha, akagundua kwamba nukta zile zinasogea zikiachana na Bennu. Asteroidi ilikuwa imerusha mawe angani tarehe 6 Januari. Uchunguzi ulionyesha kwamba jambo hilo hutokea mara kwa mara, kwamba baadhi ya vipande hutoroka kabisa, na vingine huizunguka Bennu kwa muda kisha huanguka tena. Kamera iliyowekwa ili kuonyesha njia ilitoa mojawapo ya gunduzi kubwa za safari yote, kwa kuwa aliyekuwa akiisoma alizijua nyota zake vizuri kiasi cha kutambua zisizo zake.

Chombo kiliposogea karibu zaidi, picha zilianza kusimulia historia ya mawe yenyewe. Bennu ni rundo la kifusi, mabaki ya asteroidi kubwa iliyovunjwa zamani sana, yaliyokusanyika tena kwa uvutano wao mdogo. Katika baadhi ya mawe PolyCam ilionyesha mistari iliyong'aa, yenye upana wa sentimita chache na urefu unaofika mita moja na zaidi. Spektromita za chombo, yaani vifaa vya kuchambua mwanga, ziligundua kaboneti, madini yanayojengeka penye maji. Mishipa minene na mirefu namna hiyo haijengwi na unyevu wa kupita. Inaelekea kwamba ndani ya asteroidi mama, kabla haijavunjika, maji yalitiririka katika nyufa kwa muda mrefu, yakiacha madini yake nyuma. Mto uliokauka kabla Dunia haijapata sura yake ya leo ulionekana katika mistari michache ya weupe, kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga unaofaa.

MapCam nayo, kwa vichujio vyake, iliona mawe machache yaliyong'aa mno kuliko jirani zao. Kosa la kifaa lingeweza kufanana na jambo hilo, na ndipo kazi ya miaka ya kuzipima pikseli ilipolipa. Mawe yalikuwa kweli yanang'aa. Sita kati yake yalichunguzwa kwa spektromita, yakaonyesha madini ya piroksini ya aina inayopatikana Vesta, asteroidi kubwa iliyo katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Ni mawe ya wageni. Inaelekea kipande kilichotokana na Vesta kiliigonga asteroidi mama, na vifusi vya pande zote mbili vikachanganyika.

Picha nyingine zilionyesha nyufa, na magamba ya mawe yanayobanduka. Mchana wa Bennu joto hufika nyuzi 127 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 73 chini ya sifuri. Siku ni ya saa nne, kwa hiyo jiwe hupanuka na kusinyaa mara nyingi mno kwa mwaka. Nguvu hiyo peke yake, bila mvua wala upepo, hulipasua jiwe taratibu.

Mwaka 2019 timu ilikuwa imechagua maeneo manne ya kufikiria kuchotea sampuli, yote kwa majina ya ndege: Nightingale, Kingfisher, Osprey na Sandpiper. Hapo ndipo picha zilipogeuka kuwa za kuamulia. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen ambaye pia ni mtaalamu wa fizikia ya anga, alishirikiana na Claudia Manzoni kutengeneza jozi za picha zinazotazamwa kwa macho mawili mpaka ardhi ikainuka na kuwa na kina. Jozi hizo ziliwasaidia wanasayansi kuhisi miinuko ambayo katika picha bapa hujificha. Desemba 2019 ilichaguliwa Nightingale, iliyoko kwenye shimo changa upande wa kaskazini, penye chembe ndogo kuliko kwingine. Eneo lililofaa lilikuwa na upana wa mita 16 tu, badala ya zile 50 za mwanzo, na pembeni mwake ulisimama mwamba wa urefu wa ghorofa mbili.

Kazi ya kulinda ubora wa picha haikukosa vikwazo. Februari 2020 chombo kilipita mita 620 juu ya Osprey, eneo la akiba. PolyCam ilitegemea kifaa cha leza kilichotengenezwa Kanada kiiambie umbali, ndipo ijilenge. Siku hiyo leza haikufanya kazi ipasavyo, na picha za PolyCam zikatoka na ukungu. Hakuna aliyejaribu kuzipamba picha hizo zionekane nzuri. Timu ilipanga upya, ikatafuta njia nyingine ya kujua umbali, na Mei mwaka huohuo chombo kikapita tena juu ya Osprey, safari hii kwa mita 250 tu. Katika ufundi wowote, namna mtu anavyoipokea kazi iliyoharibika humtambulisha kuliko maneno yake. Hawa walirudia.

Kisha ikafika tarehe 20 Oktoba 2020. Bennu ilikuwa mbali na Dunia kwa zaidi ya kilomita milioni 320, na ishara ya redio ilichukua dakika 18 na nusu kufika. Hakukuwa na mtu wa kushika usukani. Chombo kilitakiwa kijiongoze chenyewe, nacho kilijiongoza kwa picha. Ndani ya kumbukumbu yake kilibeba orodha ya alama za ardhi, miamba na mashimo, zilizochorwa kwa hesabu ya vivuli kutoka katika picha za miezi iliyotangulia. Kamera ya kuongozea safari ilipiga picha njiani, kompyuta ikakisia alama zingeonekanaje kutoka pale kilipo chombo na kwa jua la saa ile, ikalinganisha, ikasahihisha njia. Kilibeba pia ramani ya hatari. Kama mahesabu yangeonyesha kwamba kinaelekea kugusa mahali pabaya, kingejirudisha juu kikiwa mita 5 kutoka ardhini. Mteremko ulichukua takriban saa nne na nusu. Kilipogusa, kilikuwa ndani ya mita moja ya mahali palipokusudiwa.

Fikiria jambo hilo. Kila kosa lililoondolewa katika pikseli, kila kivuli kilichofuatwa hadi kwenye jiwe lake, kila ufa uliounganishwa vizuri kati ya picha mbili, yote yalihakikiwa katika mgusano mmoja wa sekunde chache. Sanaa nyingi haziletewi mtihani wa namna hiyo. Picha hizi zililetewa, nazo zikafaulu.

SamCam ilishuhudia yote kwa picha 82 zilizochukua takriban dakika 5. Ndani yake unaona mkono wa chombo, wenye urefu wa zaidi ya mita 3, ukishuka. Sahani iliyo mwishoni mwake inalivunja jiwe inalolikanyaga, gesi ya naitrojeni inafyatuka, na ardhi inalipuka kuwa wingu la vipande. Picha hizo pia zilifundisha kitu ambacho picha zote za kabla yake hazikuweza. Ardhi ya Bennu, iliyoonekana ngumu na ya miamba, ilikaribia kutokinza kabisa. Mkono ulizama takriban nusu mita, na kama chombo hakingewasha injini zake za kurudi juu, kingeendelea kuzama. Mawe yale yamelaliana tu, karibu bila kitu cha kuyashikanisha. Jicho lilikuwa limeeleza kwa usahihi mahali, umbo na rangi. Ulegevu wa ardhi ulijulikana baada ya kugusa. Naona heshima katika mpaka huo. Watu wa kamera walikuwa wamesahihisha tafsiri ya vipimo vya joto, na sasa mkono ulisahihisha tafsiri ya kamera, na hakuna aliyeona haya kuandika hivyo.

Siku mbili baadaye, SamCam ilikitazama kichwa cha kuchotea na kuona chembe zikielea kutoka ndani yake. Mawe makubwa kiasi yalikuwa yamekwama mlangoni, na kifuniko hakikufunga. Kwa ushahidi wa picha hizo, timu iliacha mpango wa kupima uzito wa sampuli na kuharakisha kuifungia ndani ya kasha lake. Kasha hilo lilitua katika jangwa la Utah tarehe 24 Septemba 2023, likiwa na gramu 121.6, wakati lengo la chini lilikuwa gramu 60.

Kabla ya kuondoka Bennu, chombo kilifanya jambo linaloeleza tabia ya watu hawa. Tarehe 7 Aprili 2021 kilirudi kupita chini ya kilomita 4 kutoka Bennu na kuipiga picha tena Nightingale kwa mwanga unaokaribiana na ule wa zamani, ili picha mbili zilinganishwe kwa haki. Sampuli ilikuwa tayari ndani, na wangeweza kuondoka. Walitaka kujua wameiacha ardhi katika hali gani. Ulinganisho ulionyesha shimo jipya la mita kadhaa, na mawe yaliyohamishwa.

Sasa chombo hichohicho, kwa jina jipya la OSIRIS-APEX na chini ya uongozi wa Dani DellaGiustina, aliyesimamia kazi ya picha kule Bennu, kinaelekea asteroidi ya Apophis. Tarehe 13 Aprili 2029 Apophis itapita takriban kilomita 32,000 tu kutoka uso wa Dunia, na watu wa Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia wataweza kuiona kwa macho matupu mbingu zikiwa safi. Kwetu Afrika Mashariki itakuwa imepita saa sita usiku, tarehe 14. Uvutano wa Dunia huenda ukazitikisa kokoto zake na kuporomosha miteremko. Ili kujua kama imetokea hivyo, mtu atahitaji kutofautisha jiwe lililosogea na kivuli kilichohama. Wapigapicha wa Bennu walijifunza kutofautisha hayo mawili kwa kuhesabu mawe yote ya asteroidi nzima, na ndiyo maana kazi ya Apophis iko mikononi mwa watu wanaostahili kuaminiwa nayo.